Usiiulize rilei umri wake

Mwishoni mwa 2023, asubuhi moja nyumbani Kibokoni, Mombasa, nilifungua kompyuta kabla hata kahawa haijachemka nikakuta programu yangu imezitupa nje rilei nyingi za Tor kwa mpigo, yaani zile kompyuta zinazopokezana mawasiliano ya mtumiaji ili asijulikane ni nani. Programu yenyewe ni ndogo na ya chanzo huria. Kazi yake ni kusoma waraka wa makubaliano wa mtandao wa Tor, ule unaotolewa kila saa ukiorodhesha rilei zote zinazotumika, kisha kuchagua zipi zipimwe kama zinafikika kutoka huku kwetu pwani. Siku hiyo iliziita rilei hizo kuukuu, na kumbe ndizo zilizokuwa mpya kuliko zote. Zilikuwa zimehamia toleo 0.4.8.10.

Kosa lilikuwa langu. Nililinganisha matoleo kama maandishi. Katika maandishi herufi 1 hutangulia 9, basi 0.4.8.10 ikahesabiwa kuwa nyuma ya 0.4.8.9. Kurekebisha mstari ule kulinichukua dakika tano. Ila nilipotafuta ndani ya msimbo wote mahali pengine nilipouliza swali hilohilo, nilipata kumi na nne, na hapakuwa na pawili palipouliza kwa namna moja. Hapo ndipo nilipoamua kupanga upya sehemu yote inayoshughulika na matoleo. Nakueleza nilivyofanya ili ukifika pale uwe na ramani.

Niseme kwanza kwa nini siichukulii kazi hii kuwa ya kufagia uwanja tu. Miaka ya nyuma nilifanya kazi katika saiba moja hapa mjini. Mama mmoja alikuja kutafuta habari za ugonjwa wake, akaondoka, na aliyekaa kiti kile baada yake akasoma kwa sauti yote aliyokuwa ametafuta, watu wakisikia. Yule mama hakurudi tena. Tangu siku ile najua kwamba faragha ni stara ya mtu, na programu inayoibeba stara hiyo haifai kuwa na pembe ambazo hata aliyeiandika hazielewi.

Sasa tuingie kazini.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha matoleo ya aina tatu ambayo watu huyachanganya. Kuna toleo la programu, kama 0.4.8.10. Kuna toleo la itifaki ya kiungo, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta mbili, ambalo pande hizo hukubaliana mara tu zinapounganishwa. Na kuna matoleo ya itifaki ndogondogo, ambayo kila rilei huyatangaza mapema ili wengine wajue inaweza nini. Katika msimbo wangu yote matatu yaliitwa "toleo". Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kubadilisha majina ya vigezo tu, bila kugeuza mantiki hata kidogo: toleo_la_programu, toleo_la_kiungo, uwezo. Hilo peke yake lilinifichulia kasoro mbili, mahali ambapo kimoja kililinganishwa na kingine.

Itifaki ndogondogo ndizo kiini cha mambo. Hadi 2016, msimbo wa Tor ukitaka kujua kama rilei inaweza jambo fulani, ulitazama namba ya toleo la programu yake. Mwaka huo pendekezo namba 264 la Nick Mathewson, mmoja wa waanzilishi wa Tor, likaweka utaratibu mwingine, nao ukaingia katika mfululizo wa 0.2.9: kila rilei itaje uwezo wake waziwazi. Ndani ya waraka wa makubaliano utaona mstari unaoanza na pr, mfano wa sehemu yake ni huu:

pr Link=1-5 LinkAuth=1,3 Relay=1-4

Faida moja ni kwamba mtu anaweza kuandika programu nyingine kabisa ya kuzungumza na mtandao huo, kama ilivyo Arti iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, bila kulazimika kujifanya ni toleo fulani la ile ya zamani ya lugha ya C. Inasema ninachoweza ni hiki na hiki, basi.

Kijana ninayemfundisha, wa kule Likoni, aliniuliza, "Dada, kwani kuna tofauti gani? Namba ikiwa kubwa si ina maana inaweza ya chini yote?" Nikamwonyesha LinkAuth=1,3, yaani njia za rilei kujithibitisha kwenye kiungo. Hakuna 2. Namba hiyo ilitengwa na haikutumika. Ukiandika sharti la "kubwa kuliko au sawa na 2", rilei hii itapita na wala haina kitu hicho. Kisha nikamwonyesha HSDir, uwezo wa rilei kuhifadhi anwani za huduma za onion, yaani huduma zilizofichwa ndani ya Tor. Huduma za onion za kizazi cha pili ziliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo rilei za leo hutangaza HSDir=2 bila 1. Programu mpya huweza kuacha mambo ya zamani. Kwa hiyo uwezo si ngazi ambayo ukifika juu umeshapita vidato vyote; ni seti. Swali la kuuliza ni moja tu: namba hii imo au haimo?

Ukishalielewa hilo, chukua daftari. Nasema daftari la karatasi, kwa sababu umeme ukikatika bado linasomeka na kwa sababu kuandika kwa mkono hukupunguza kasi. Pitia kila mahali msimbo unapolinganisha matoleo. Andika upande wa kushoto sharti lilivyo, na upande wa kulia swali halisi lililokusudiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa ya kwa nini sharti fulani liliwekwa ndiyo mali inayopotea upesi kuliko zote. Moja langu liliuliza kama toleo ni 0.2.4 au zaidi, na swali lililokusudiwa lilikuwa kama rilei inakubali njia ya ntor ya kubadilishana funguo, ambayo leo ni Relay=2. Jingine lilitaka kujua kama rilei inaweza kuhifadhi anwani za onion za kizazi cha tatu: HSDir=2. Kati ya kumi na nne, tatu sikukumbuka kabisa niliziweka kwa nini. Hizo usizifute kwa sababu hukumbuki. Zitie alama, uziache mwisho.

Hatua inayofuata ndiyo watu huiruka, nami nakuomba usiiruke: funga tabia ya sasa kwa majaribio kabla ya kuibadilisha. Nilipakua nyaraka za makubaliano za saa mbalimbali, nyingine za siku hizi na nyingine za miaka ya nyuma kutoka hifadhi ya umma ya mradi wenyewe, nikaupitisha msimbo wa zamani juu yake, nikahifadhi majibu yote kwenye faili. Yalikuwemo majibu ya makosa pia, nikayahifadhi na makosa yake. Lengo la hatua hii ni kujua siku nitakapobadilisha kitu, nimebadilisha nini hasa.

Sasa andika kichanganuzi kimoja cha mstari wa uwezo, yaani msimbo wa kuusoma na kuugawa vipande, na kiwe kimoja kweli. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo adui anapoingilia. Mstari ule umeandikwa na mtu usiyemjua. Hapo mwanzo namba katika mistari hii ziliweza kuwa kubwa kufikia biti 32. Fikiria mtu mbaya anatangaza Link=0-4294967295, na msimbo wako unaufungua upana huo namba moja moja ndani ya orodha. Kumbukumbu ya mashine itakwisha kabla hujamaliza kusoma. Baadaye pendekezo namba 318 liliweka mpaka: namba za matoleo ni 0 hadi 63. Mpaka huo una uzuri wake, maana seti yote ya itifaki moja inaenea ndani ya namba moja ya biti 64. Hivi ndivyo nilivyoandika kwa lugha ya Python:

def namba(s):
    if not (len(s) <= 2 and s.isascii() and s.isdigit()):
        raise ValueError(s)
    n = int(s)
    if n > 63:
        raise ValueError(s)
    return n

def soma_kipande(kipande):
    mwanzo, kistari, mwisho = kipande.partition("-")
    a = namba(mwanzo)
    b = namba(mwisho) if kistari else a
    if a > b:
        raise ValueError(kipande)
    return ((1 << (b - a + 1)) - 1) << a

Tazama isascii, inayokubali herufi za msingi za Kiingereza tu. Mara ya kwanza sikuiweka. Python huzikubali tarakimu za Kiarabu kama namba halali, zile tulizozijua utotoni madrasa, na isdigit nayo huzipitisha. Int pia hupokea nafasi na alama ya kujumlisha. Kichanganuzi changu kingekubali mstari ambao programu nyingine ingeukataa, na pale programu mbili zinapousoma waraka mmoja kwa maana mbili ndipo shari huzaliwa. Tazama pia kistari: ningeangalia mwisho peke yake, "1-" ingepita kana kwamba ni 1. Makosa haya mawili niliyaona baada ya kukipa kichanganuzi data ya ovyoovyo usiku kucha. Fanya hivyo nawe.

Halafu kuna jina usilolijua. Siku moja mstari utakuja na itifaki ambayo haikuwepo ulipoandika. Usipige kelele, usiitupe rilei. Lipitishe jina lile kimya na uendelee na mengine. Mstari ulioharibika kimuundo ni jambo tofauti. Huo ukatae, ila ukatae rilei hiyo moja tu, si waraka mzima. Msimbo wangu wa zamani ulikuwa unasimama kabisa ukikuta rilei moja mbovu. Mtu mmoja mwenye nia mbaya angeweza kunifungia duka kwa mstari mmoja.

Baada ya kichanganuzi, jibu maswali yote mara moja, pale pale unaposoma waraka, na uyaweke majibu kama bendera za ndiyo au hapana zenye majina ya maana: inakubali_ntor, ni_saraka_ya_onion_v3, na kadhalika. Sehemu nyingine za programu zisione kamwe ule mstari wa pr wala namba. Zione bendera tu. Hapa ndipo masharti yale kumi na nne yalipogeuka kuwa mistari iliyokaa pamoja kwenye faili moja, mtu akaweza kuisoma kutoka juu hadi chini akaelewa. Msimbo wa Tor wenyewe wa lugha ya C una mpango kama huu, muundo mmoja wa bendera unaojazwa kutoka kwenye mstari, na jibu huwekwa akiba kwa kufuata maandishi ya mstari. Akiba hiyo inafaa kwa sababu rilei ni maelfu lakini mistari iliyo tofauti ni michache, wengi wanatumia matoleo yaleyale. Kompyuta yangu ni ya zamani, na tofauti ya kasi niliiona kwa macho.

Nyaraka za zamani hazina mstari wa pr. Kama huzihitaji, pita. Mimi nazihitaji, nikaandika funksheni moja inayokisia uwezo kutoka kwenye toleo la programu, na hapo tu ndipo ulinganisho wa matoleo uliporuhusiwa kuishi, sasa ukilinganisha namba kwa namba.

Tugeukie kiungo chenyewe. Waliokulia Mji wa Kale watalielewa hili haraka. Jahazi likitia nanga Bandari ya Kale, nahodha anajua Kiarabu na Kiswahili, mfanyabiashara anajua Kiswahili na Kigujarati. Kila mmoja anataja alizonazo, wanaikuta moja wanayoshirikiana, biashara inaanza. Wasipoikuta, kila mtu na njia yake. Kwenye Tor kuna kanuni moja zaidi: wakishirikiana zaidi ya moja, huchukuliwa ile ya juu kabisa. Seli, yaani kifurushi cha data, inayobeba orodha hiyo inaitwa VERSIONS, amri yake ni namba 7. Mteja anayetaja matoleo 3, 4 na 5 hutuma baiti hizi:

00 00 07 00 06 00 03 00 04 00 05

Baiti mbili za namba ya sakiti (njia ya mawasiliano kupitia rilei), amri, baiti mbili za urefu, kisha kila toleo kwa baiti mbili. Urefu ukiwa witiri, funga muunganisho. Hakuna toleo la pamoja, funga pia.

Penye mtego ni zile baiti mbili za mwanzo. Kuanzia toleo la 4 la kiungo, namba ya sakiti ina baiti nne, na seli ya kawaida ikawa baiti 514 badala ya 512. Lakini seli ya VERSIONS hubaki na baiti mbili, maana inaposomwa bado hakujakubaliwa kitu. Msimbo wangu ulikuwa na kigezo kimoja cha upana kilichoanza na mbili na kubadilishwa katikati, na sehemu tatu tofauti zilikuwa na ruhusa ya kukibadilisha. Nilikivunja nikatengeneza aina mbili: MuunganoKablaYaMakubaliano, ambao unajua kusoma na kutuma seli ya VERSIONS tu, na MuunganoUliokubaliwa, ambao hupatikana kwa njia moja pekee, yaani kumpa wa kwanza matokeo ya makubaliano. Upana huwekwa siku ya kuzaliwa kwa huo wa pili na haubadiliki tena. Huwezi kutuma seli ya kawaida mapema hata ukitaka, kwa sababu funksheni ya kutuma haipo.

Lililobaki ndilo ninalolishikilia kwa mikono miwili. Katika programu nyingi, ukipanga upya msimbo na orodha ya matoleo ikatoka kwa mpangilio tofauti, 5 ikatangulia 3, hakuna anayejali. Katika programu ya faragha inajaliwa sana. Mtumiaji amejificha kwa kufanana na wenzake. Ukituma 5, 4, 3 na wenzako wote wanatuma 3, 4, 5, mtu anayekusubiri upande wa pili anaweza kuwatenga watumiaji wako na umma, na wakiwa wachache basi amekaribia kuwajua. Ni kama kuvaa buibui kama kila mtu ila lako lina utepe mwekundu. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kabisa katika sehemu hii hulinganisha baiti zinazotoka, zote, moja kwa moja na ule mstari niliokuandikia hapo juu. Usitumie seti isiyo na mpangilio kutengeneza orodha ya kutuma. Na ukitaka kweli kuongeza au kuacha toleo, lifanye kuwa badiliko la peke yake, lenye maelezo yake, mbali na kupanga upya.

Kuna kitu kingine waraka hubeba ambacho wengi huki­sahau: orodha ya itifaki ambazo mteja au rilei lazima awe nazo. Mteja wa Tor akikuta anakosa ya lazima, husimama badala ya kuendelea kugonga mlango asioweza kuuingia. Ila hutazama kwanza kama waraka ni wa tarehe iliyo baada ya kutolewa kwa programu yenyewe. Ukiandika sehemu hii, usisahau hilo sharti la tarehe, kwa maana waraka wa zamani uliosahaulika kwenye diski ungeweza kuizima programu mpya bila sababu.

Kamiti, yaani mabadiliko unayohifadhi kwa hatua, ziwe ndogo. Yangu zilikuwa: majina, majaribio, kichanganuzi, bendera, kisha kila sharti kwa kamiti yake, mwisho muungano. Nilipokosea sharti la tisa, nililirudisha lenyewe bila kugusa manane yaliyotangulia.

Zile tatu za daftari nilizozitia alama nilizirudia wiki ya mwisho. Mbili zilithibitika kuwa za enzi za matoleo ambayo hayamo tena hata kwenye nyaraka ninazosoma, nikazifuta. Ya tatu niliendesha msimbo wa zamani na mpya sambamba kwa siku tatu, kila waraka mpya ukitoka naulinganisha, na nikaangalia tofauti. Zilizotoka zote zilikuwa rilei za toleo lenye tarakimu mbili mwishoni, zile zile zilizotupwa asubuhi ile, sasa zimerudi ndani. Sharti la tatu halikubadilisha rilei hata moja. Nimeliacha, na juu yake nimeandika tarehe na swali, ili atakayelijua anijulishe.